BESENI LA MAJI: SHULE YA KWANZA YA MTOTO WA ASKARI

Askari arudipo nyumbani kwa likizo, baada ya miezi mingi ya kazi mbali na jamaa zake, hupokewa kwa namna mbili zisizofanana. Mkewe humpokea kwa vigelegele na chai ya moto. Mtoto wake mdogo, ambaye alimwacha akiwa hajajua hata kutambaa, humpokea kwa kilio. Humtazama mtu huyu mrefu aliyevaa buti, mwenye sauti nzito asiyoijua, kisha hukimbilia leso ya mama yake na kujificha humo akingoja mgeni aondoke. Lakini mgeni haondoki, kwa sababu ndiye baba.

Jambo hili limenifika mimi mwenyewe, wala sioni haya kulieleza mbele ya maafande na ndugu zangu wa polisi, maana najua wengi wetu limetufika. Binti yangu alikuwa na umri wa miezi 19 niliporejea. Nilimletea biskuti, akazikataa. Nilimletea mwanasesere, akampokea kupitia kwa mama yake na kunigeuzia mgongo. Siku mbili zikapita hivyo, na likizo yangu yote ilikuwa ya siku 10.

Siku ya tatu asubuhi nilikuwa nimeinama uani nikifua sare zangu katika beseni. Nikasikia hatua ndogo nyuma yangu. Sikugeuka. Mtoto alisogea, akasimama umbali wa mkono mmoja, akayatazama maji. Halafu akavua kandambili yake na kuitupa ndani ya beseni. Nilikuwa karibu kumkaripia, kwani maji yalikuwa safi ya kusuuzia, lakini nikajizuia. Kandambili ilielea. Nikaizamisha kwa kidole mpaka chini, nikaiachia. Ikaibuka kwa ghafula na kuturushia maji usoni sote wawili. Mtoto akacheka. Akaizamisha mwenyewe, ikaibuka tena. Nadhani alirudia mchezo huo mara 20 bila kuchoka, na kila mara alinitazama usoni, kana kwamba anauliza kama nami nimeliona ajabu lile.

Ndugu msomaji, kile alichokifanya mtoto yule ndicho hasa wanachokifanya wataalamu katika maabara zao. Aliona jambo, akashuku kwamba huenda limetokea kwa bahati tu, akalijaribu tena na tena mpaka akaridhika. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu hawezi kufundishwa sayansi kwa ubao na chaki. Hujifunza kwa viganja vyake. Na katika nyumba zetu za kambini, ambamo vitu vya kuchezea vya dukani ni vichache, maji ndiyo chombo rahisi kuliko vyote na chenye mambo mengi kuliko vyote.

MLINZI KWANZA

Kabla sijaeleza michezo yenyewe, hapana budi nitoe amri moja, nayo si ya mzaha. Maji yanayomchekesha mtoto ndiyo hayohayo yanayoweza kumuua, tena katika chombo ambacho sisi watu wazima hatukidhanii kuwa ni hatari. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani kote, na karibu robo yao walikuwa watoto walio chini ya umri wa miaka 5. Sisi tusikiapo habari ya kufa maji hufikiria ziwa, mawimbi na mitumbwi. Lakini mtoto mdogo huweza kufa maji katika kina cha sentimeta chache tu, ndani ya ndoo iliyowekwa nyuma ya mlango.

Sababu iko katika maumbile yake. Kichwa cha mtoto wa umri huo ni kizito kikilinganishwa na kiwiliwili, na mikono yake haina nguvu bado. Anapoinama juu ya ndoo ndefu ili aguse maji, kichwa humvuta, miguu huinuka, naye hana uwezo wa kujirudisha. Ndoo yenye maji ni nzito, haianguki ikamwaga maji na kumwokoa. Jambo baya zaidi ni kwamba hapigi kelele. Mtu anayekufa maji hana pumzi ya kupigia kelele, na mambo hayo huchukua dakika chache tu.

Siku ya tano ya likizo ile, simu yangu ililia ndani ya nyumba. Nikamwacha binti yangu kando ya beseni, nikaingia kuichukua. Beseni lenyewe lilikuwa na maji kidogo, halikuwa na neno. Lakini kando yake niliacha ndoo niliyochotea. Niliporudi nilikuta vidole vya miguu yake vimeacha ardhi, tumbo limelala juu ya ukingo wa ndoo, na nywele za mbele zimelowa. Nilimnyakua. Hakuwa amekunywa maji, wala hakuelewa kwa nini baba yake ametetemeka hivyo. Mimi, niliyepita chuo cha kadeti na kufundishwa namna ya kupanga walinzi usiku na mchana, niliondoka kwenye lindo kwa sababu ya simu.

Basi kanuni za lindo ni hizi. Maji yawapo chini, yuko mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kumtazama mtoto, na mkono wake unamfikia. Mtu huyo hafui, hapiki, hasomi gazeti, hata hili. Akitaka kuondoka, hukabidhi zamu kwa maneno yanayosikika, na mwenzake hujibu kwamba ameipokea. Kwani misiba mingi ya namna hii hutokea baba akidhani mama anatazama, na mama akidhani baba anatazama. Tumia beseni pana na fupi, na maji yasizidi kina cha kiganja. Mchezo ukiisha, maji humwagwa au kupelekwa kwenye matumizi mengine papo hapo. Ndoo na mapipa ya akiba yafunikwe kwa kifuniko ambacho mtoto hawezi kukiondoa. Na ikiwa, Mungu apishe mbali, mtoto ameopolewa akiwa hapumui, asiningʼinizwe kichwa chini kama wafanyavyo wengine. Apuliziwe pumzi mdomoni na kubonyezwa kifua kama tulivyofunzwa katika huduma ya kwanza, huku mwingine akikimbilia msaada wa daktari.

Mambo mengine ya tahadhari nitayapitia upesi. Maji yachotwe bombani, kisimani au yawe ya mvua. Yale yaliyochotwa sasa hivi ziwani au kinamasini huweza kuwa na kichocho. Jerikeni iliyotiwa mafuta ya taa au dawa ya mimea isitumiwe kabisa. Vizibo vya chupa, punje za maharagwe, gololi na kila kinachoweza kuingia chote mdomoni visikaribie beseni, kwa kuwa mtoto wa umri huu huonja kwanza na kuuliza baadaye.

KINACHOELEA NA KINACHOZAMA

Mchezo wa kwanza ni ule wa kandambili, nao una maana kubwa kuliko ionekanavyo. Kusanya vitu vya jikoni na vya uani: kijiko cha bati, mwiko wa mti, jiwe kubwa kuliko ngumi ya mtoto, chungwa, kiazi, kipande cha mgomba, kikombe cha plastiki. Mpe mtoto kimoja kimoja akitie majini. Usimwambie kitakachotokea. Kama anaanza kusema, muulize tu: "Kitazama au kitaelea?" Atakosea mara nyingi, na kukosea huko ndiko darasa.

Chungwa litakushangaza wewe mwenyewe. Likiwa na ganda lake huelea. Limenye, ulitie tena, nalo huzama, ingawa sasa limekuwa jepesi kuliko kwanza. Siri imo ndani ya lile ganda, ambalo limejaa vitundu vyenye hewa na kulifanya chungwa liwe kama mtu aliyevaa jaketi la kuokolea maisha. Askari wa polisi wa majini hawahitaji maelezo zaidi. Hali kadhalika magugu maji yanayotusumbua katika Ziwa Victoria: ukikata kikonyo chake kinene utakuta kimejaa hewa kama sifongo, na ndiyo sababu upepo huyasukuma juu ya maji kutoka ghuba hata ghuba bila kuzama.

Aliyetoa kanuni ya jambo hili ni Archimedes, mtu wa mji wa Syracuse katika kisiwa cha Sicily. Alisema kwamba kitu kilichotiwa majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa kando na kitu hicho. Yaani jiwe huzama kwa kuwa ni zito kuliko maji ya ukubwa wake. Mwiko huelea kwa kuwa ni mwepesi kuliko maji ya ukubwa wake. Bwana huyu aliusaidia mji wake kwa kubuni mitambo ya vita dhidi ya Warumi, na mji ulipotekwa mwaka 212 kabla ya Kristo aliuawa na askari mmoja wa Roma, ijapokuwa yasimuliwa kwamba jemadari wao alikwisha kuagiza asidhuriwe. Nimelitaja hili ili tujue kwamba taaluma yetu ina deni la zamani kwa sayansi.

Mtoto haambiwi habari za Archimedes. Yeye huonyeshwa kikombe. Kikombe cha bati kikilazwa ubavu kikaingia maji, huzama. Kikiwekwa wima juu ya maji, huelea kama mashua, na mtoto huweza kukipakia abiria, yaani vijiko, mpaka kitakapolemewa. Bati ni lilelile, uzito ni uleule. Kilichobadilika ni nafasi ya maji inayoshikwa na chombo. Hivyo ndivyo kivuko cha chuma kinavyoweza kuvuka kutoka Bukakata hadi Luku katika visiwa vya Kalangala kikiwa kimebeba malori, ilhali msumari mmoja wa chuma hichohicho ukianguka majini hauonekani tena. Na sisi tuliopita mafunzo tunakumbuka kufunga mizigo na nguo zetu ndani ya turubai, kukaza kamba, na kuuvuka mto tukisukuma kifurushi kile mbele yetu. Wakati ule niliona ni hila ya kijeshi tu. Kumbe ni kikombe cha bati.

KUMIMINA, NA TUNDU TATU ZA MKEBE

Watoto wengi hupenda kumimina kuliko kuelesha. Mpe mtoto kikombe kirefu chembamba na bakuli fupi pana, umwache ahamishe maji kutoka hiki kwenda kile. Atamwaga, mwache amwage, madhali mpo uani. Mkono wake unajifunza kupima, na jicho lake linajifunza kungoja.

Kuna jambo la ajabu hapa ambalo mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, aliyeishi kuanzia 1896 hadi 1980, alilifanya kuwa mashuhuri. Chukua vikombe viwili vilivyo sawa, utie maji sawasawa mbele ya mtoto wa miaka mitatu au minne, naye akubali kwamba ni sawa. Kisha mimina kimoja katika chombo kirefu chembamba. Muulize wapi pana maji mengi. Atakuonyesha kile kirefu, tena kwa uhakika, ingawa ameona kwa macho yake kwamba hakuna tone lililoongezwa. Piaget aliona kwamba kwa kawaida mtoto hulitambua kosa hilo anapofikia umri wa miaka kama 7. Piaget huyo aliwachunguza pia watoto wake mwenyewe watatu nyumbani, akiandika waliyoyafanya. Kwa hiyo wewe uliye baba usimcheke mwanao wala usimwite mjinga. Akili yake haijapungua. Inajengwa, na jengo halipandi kabla ya msingi. Afadhali umwachie vyombo amimine, miaka ipite, siku moja atakwambia mwenyewe kwamba ni maji yaleyale.

Mchezo mwingine wa kumimina ni wa mkebe. Chukua mkebe mtupu wa maziwa ya unga, utoboe kwa msumari tundu tatu, moja karibu na mdomo, moja katikati, moja karibu na kitako, zikipandana kama vifungo vya shati. Kazi hii ifanywe na baba, na kingo zote kali zipigwe nyundo mpaka zilale. Mkebe uwekwe juu ya kigoda, ujazwe maji, kisha tundu zifunguliwe kwa pamoja. Maji ya tundu ya juu hutoka kwa unyonge, yakitelemka karibu na mkebe. Ya tundu ya chini hutoka kwa nguvu. Mtoto ataweka kiganja chake mbele ya kila tundu na kuona tofauti kwa ngozi.

Nguvu ile ni uzito wa maji yaliyo juu ya tundu. Kadiri kina kinavyozidi, ndivyo msukumo unavyozidi. Wahandisi waliojenga bwawa la Owen Falls pale Jinja, ambalo lilifunguliwa mwaka 1954 na sasa laitwa Nalubaale, hawakuwa na hiari katika jambo hili: ukuta unaozuia maji mengi hauna budi kuwa na nguvu zaidi chini kuliko juu. Na wale wanaokaa katika nyumba za kilimani kambini, ambao bomba zao hudondosha tone moja moja wakati majirani wa bondeni wanajaza jerikeni kwa dakika mbili, sasa wanajua kwamba pengine lawama si ya fundi wa maji peke yake. Nyumba zao ni tundu ya juu ya mkebe.

BINTI WA AFISA NA MAJI YA KUOSHEA VYOMBO

Mchezo nitakaoueleza sasa naupenda kuliko yote, kwa sababu ya historia yake. Kata jani gumu, kama la mwembe, liwe umbo la mtumbwi wenye urefu wa kidole, na nyuma yake ulipasue kidogo kama herufi V. Tia maji safi katika sinia. Weka jani juu ya maji, nalo litatulia. Halafu gusa kidogo mahali pale palipopasuliwa kwa ncha ya kijiti kilichopakwa sabuni. Jani litakimbia mbele lenyewe, bila upepo, bila kasia. Mtoto atapiga makofi. Atataka tena, nawe utaweka jani jingine, uguse tena, lakini safari hii haliendi. Mchezo umekufa. Mpaka uyamwage maji yale, usuuze sinia vizuri, utie mengine, ndipo jani likimbie tena.

Kwa nini? Uso wa maji hujivuta kama ngoma iliyowambwa. Ndiyo maana wale wadudu wenye miguu mirefu, ambao tunawaona katika vidimbwi tukiwa doria, hutembea juu ya maji bila kulowa. Sabuni huulegeza uso huo. Nyuma ya jani maji yakilegea, yale ya mbele hulivuta. Lakini sabuni ikishaenea katika sinia nzima, mvuto unakuwa sawa pande zote, na jani halina wa kulivuta.

Aliyeyachunguza mambo haya kwa kipimo cha uangalifu alikuwa binti wa afisa wa jeshi. Jina lake Agnes Pockels. Alizaliwa mwaka 1862 mjini Venice, wakati baba yake alikuwa akitumikia jeshi la Austria. Baba huyo aliugua malaria, ugonjwa ambao hatuhitaji kuelezwa, akastaafu mapema, na mwaka 1871 jamaa yote ikahamia Braunschweig katika Ujerumani. Agnes alipenda sana sayansi, lakini siku zile vyuo vikuu vya huko havikuwa vikipokea wanawake; na wazazi wake walipozidi kuwa dhaifu, kazi yote ya nyumbani ikamwangukia yeye. Basi akabaki jikoni. Akiwa na umri wa miaka 18 hivi alianza kuangalia maji ya kuoshea vyombo: jinsi mafuta na sabuni vinavyobadilisha uso wake. Alitengeneza karai lenye kipande cha bati cha kutelezesha juu ya maji, na kifungo kidogo kilichoningʼinizwa kwenye mizani, akapima nguvu inayohitajika kukibandua kifungo kutoka usoni pa maji. Kwa miaka 10 alifanya kazi hiyo bila mwalimu na bila mshahara.

Mwezi Januari mwaka 1891 alimwandikia barua mtaalamu mashuhuri wa Uingereza, Lord Rayleigh, akimweleza aliyoyaona. Bwana huyo angeweza kuitupa barua ya mwanamke asiyejulikana. Hakuitupa. Aliipeleka katika jarida la sayansi liitwalo Nature, nalo likaichapisha Machi mwaka uleule. Wataalamu waliomfuata waliboresha karai lake, na mmoja wao, Irving Langmuir wa Marekani, alipata tuzo ya Nobel mwaka 1932 kwa uchunguzi wa nyuso za vitu. Mwaka huohuo chuo cha ufundi cha Braunschweig kilimpa Agnes Pockels shahada ya heshima ya udaktari. Alikuwa na umri wa miaka 70. Alifariki mwaka 1935.

Nikiwatazama mabinti wadogo wa kambini mwetu wakiosha sufuria bombani jioni, humkumbuka mama huyo. Wapo miongoni mwetu wanaosema kwamba michezo ya namna hii ni ya wavulana, na msichana afundishwe kuosha vyombo. Vema, na aoshe. Lakini akiuliza kwa nini mafuta yanakimbia sabuni, ajibiwe.

MAJI YAMEKWENDA WAPI?

Mchezo wa mwisho hauna gharama yoyote. Mpe mtoto burashi kuukuu ya rangi, au kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, pamoja na kikombe kimoja cha maji, umwambie apake rangi baraza. Saruji ikilowa hubadilika ikawa nyeusi, naye atachora kwa fahari kubwa. Jua la saa sita halitampa nafasi. Kabla hajamaliza upande mmoja, upande wa pili umekwisha kufutika. Apake sehemu moja juani na nyingine kivulini, aone ipi inakawia.

Binti yangu alipoona mchoro wake umetoweka aligeuza kiganja juu, akatazama huku na huku, akasema neno moja: "Wapi?" Nami, pamoja na elimu yangu, nilibabaika. Ningemwambia kwamba maji hugeuka mvuke yakapaa hewani, yasionekane, mpaka yakusanyike kuwa mawingu? Nilimwonyesha juu kwa kidole. Akatazama juu muda mrefu. Baadaye jioni, chai ilipochemka, nilimpakata mbali na moto akaona moshi mweupe wa birika, na matone yaliyogandamana chini ya kifuniko. Sidai kwamba alielewa. Nadai kwamba aliangalia.

Jambo moja nalisihi hapa. Swali la mtoto lisizimwe kwa kicheko. Mwaka 1963 mwanafunzi wa sekondari katika Tanganyika, Erasto Mpemba, alitia maziwa ya moto katika jokofu ili atengeneze aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, na wenzake wakamcheka. Hakuacha kuuliza. Mtaalamu wa fizikia, Denis Osborne, alipoizuru shule aliyokuwa akisoma baadaye, Mpemba alimwuliza swali lilelile. Mgeni hakucheka, bali alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja waliyoyaona. Wataalamu wanabishana juu ya jambo hilo mpaka leo, na jina la kijana yule limo katika vitabu.

Yamkini msomaji mmoja, hasa yule ambaye mkewe huteka maji kwa foleni, ananuna hivi sasa. Ana haki. Jerikeni moja ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na haijipeleki nyumbani yenyewe. Nami nilipoanza mambo haya mama watoto alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Tulipatana hivi: michezo yote ya siku moja isitumie zaidi ya lita 5, baba ndiye atakayeyateka, na baada ya mchezo maji yasiyo na sabuni yanywesheze mboga, na yenye sabuni yapige deki. Tangu hapo hapakuwa na ugomvi.

Zaidi ya hayo, yeye ndiye aliyenifundisha mchezo ambao sikuujua. Asubuhi ya siku yangu ya mwisho alileta mayai mawili, akayatia katika bakuli la maji. Moja lililala chini. La pili, ambalo lilikuwa limekaa siku nyingi, lilisimama wima likitaka kuelea, kwa kuwa yai likizeeka hewa iliyomo ndani yake huongezeka. Mama yake mzazi alimwonyesha hivyo tangu utotoni, naye hulitenga yai bovu kwa njia hiyo kila aendapo sokoni. Ndipo mimi, nisikubali kushindwa, nikatia yai lile jipya katika kikombe kikubwa cha nusu lita ya maji, nikakoroga chumvi ya Katwe kijiko baada ya kijiko. Kijiko kikubwa cha kwanza, yai halikutikisika. Cha pili na cha tatu, vilevile. Cha nne likaanza kuinuka kitako, na cha tano likapanda juu na kuelea, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito kuliko maji matupu. Kikombe nikakiweka juu ya kabati mara moja, kwani maji ya chumvi namna ile hayafai kabisa kunywewa na mtoto.

Mama yake alilichukua yai lililoelea, akalichemsha, akalimenya na kumpa binti yetu. Yule mtoto akalitazama, akaja nalo hadi kwenye beseni niliposimama nimekwisha kufunga mkoba wangu wa safari, akalitumbukiza majini. Likazama. Akaniangalia.